Kugawanya Ukurasa: Kutoka Tenzi hata Katuni

Msomaji wa hadithi za picha, akiufungua ukurasa wenye visanduku sita au tisa, huanzia juu kushoto, akaenda kulia, kisha akashukia safu ya pili, wala hakumbuki kuwa njia hiyo alifunzwa. Lakini katika Mrima, yaani pwani ya Tanga na Pangani, ambako watu walitangulia kusoma kwa hati za Kiarabu, dasturi ya jicho ilikuwa kwenda kinyume chake.

Kwa hati hizo ndipo Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alipoandika utenzi wake wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, waliopigana na Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani waliowapinga, huko Pangani mwaka 1888 na 1889. Katika miswada ya aina hiyo ubeti ulizoea kukaa mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitengwa kwa alama na kusomwa kutoka kulia: vitatu vya awali vina kina chao, na cha nne, kilicho kushoto kabisa, huchukua kina cha utenzi mzima, hata safu ile ikawa na silabi moja tangu juu mpaka chini.

Skuli ya Tanga, iliyoasisiwa mwaka 1892, pamoja na gazeti lake la Kiongozi lililopigwa chapa papo hapo hadi siku za Vita Kuu ya Kwanza, ilieneza herufi za Kirumi, zisomwazo kutoka kushoto. Kisha Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam Januari 1923, na ambalo Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alilipelekea mashairi, likaithibitisha dasturi mpya.

Juu ya msingi huo wachoraji walijenga. Christian Gregory, aliyemchora mhusika Chakubanga katika gazeti la Uhuru, mara nyingi alitosheka na picha moja. Philip Ndunguru, katika jarida la Sani la miaka ya 1980, aliwapa wahusika wake Lodi Lofa na Ndumilakuwili visanduku vinavyofuatana. Kanuni ni ile ile ya kushoto kwenda kulia: aulizaye husimama kushoto, maneno yake yakawekwa juu, ajibuye husimama kulia, yake yakashuka kidogo; wakibadilishana mahali, jawabu hutangulia swali na mzaha hufa. Na kisanduku cha mwisho, mithili ya kipande cha nne cha ubeti, ndicho kinachofunga maana.

Vijana wa Tanga wanaojifunza kuchora katuni, basi, waonyeshwe na miswada ya tenzi, kwani elimu ya kugawanya ukurasa ilikuwapo kwao kabla ya picha.