Wino wa Zafarani

Babu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Unguja, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia sahani. Watu walikuja alasiri, wanafunzi wakishatawanyika: mama na mtoto mwenye homa, kijana asiyepata usingizi, mume aliyetumwa mbio kwa sababu utungu wa mkewe umeingia siku ya pili. Babu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia: "Haya, mjukuu wangu, mwambie bibi yako atoe kijaluba."

Kijaluba hicho cha bati kilikaa ndani ya sanduku la nguo, chini ya kanga za bibi, wala hakikuwekwa jikoni. Leo ukitaja zafarani watu huwaza biriani. Kwetu sisi zafarani ilikuwa wino, na wino huo ulikuwa dawa.

Bibi alihesabu nyuzi, hazizidi kumi, akazitia kwenye kikombe cha kahawa na kuzimiminia marashi ya mawaridi. Hazikutoa rangi papo hapo. Manjano membamba yalianza kuchuruzika polepole kutoka kwenye kila uzi, huku uzi wenyewe ukibaki mwekundu, mpaka kikombe kizima kikawa na rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Babu akachovya kalamu ya mwanzi, akaandika aya za shifaa kwenye sahani nyeupe, akianzia ukingoni na kuzunguka hadi katikati. Ilipokauka, alitia maji, akaizungushazungusha sahani hadi herufi ya mwisho ilipoyeyuka, akampa mgonjwa. "Kunywa, mwanangu, usiache tone." Dawa hiyo huitwa kombe, nami nimelinywa mara nyingi. Puani ni waridi tupu, lakini ulimini hubaki uchungu ambao hauondoki upesi.

Kwa miaka mingi nilidhani jambo hili ni la pwani yetu peke yake. Kisha nikasoma Zad al-Ma'ad ya Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Dameski aliyefariki mwaka 1350. Humo anasimulia habari ya mtu aliyemwendea Imamu Ahmad bin Hanbal, Baghdad, akimwombea maandishi mwanamke aliyekuwa na utungu kwa siku mbili. Imamu akaagiza aje na bakuli pana na zafarani. Imamu Ahmad alifariki mwaka 855. Nilikifunga kitabu nikakaa kimya, maana nilikuwa nimemsikia babu yangu akizungumza kutoka Baghdad.

Kwa nini zafarani, ilhali wino wa masizi ulikuwepo? Naamini ni kwa sababu mwanachuoni na tabibu walikutana katika kikombe kimoja. Tabibu Ibn Sina, aliyemaliza kitabu chake cha tiba, Qanun, mwaka 1025, aliihesabu zafarani miongoni mwa dawa zinazofurahisha moyo. Akaongeza kuwa imesemwa mithqali tatu humwua mtu kwa furaha. Mithqali tatu ni kama gramu 13, na leo inajulikana kuwa hata gramu 5 zinadhuru. Bibi hakusoma Qanun, lakini nyuzi alizihesabu.

Alizihesabu pia kwa sababu ya bei. Zafarani haioti Unguja wala Pemba. Inataka majira ya baridi. Sehemu kubwa ya zafarani ya dunia inatoka Iran, hasa Khorasan, na nyingine Kashmir, Uhispania na Ugiriki. Ua huchanua msimu wa vuli na huchumwa alfajiri, kabla jua halijalinyausha. Ndani yake mna nyuzi tatu tu, zinazong'olewa kwa vidole na kukaushwa, na kilo moja huhitaji maua yapatayo 150,000. Mmea wenyewe hauzai mbegu. Ni lazima watu wafukue vitunguu vyake, wavigawe na kuvipanda upya, kwa hiyo haukuwahi kuishi pasipo mikono ya binadamu. Kwetu zafarani ilifika na upepo wa kaskazi, majahazini, pamoja na tende na marashi.

Miaka ya 1970 bidhaa ziliadimika Unguja. Kijaluba kikabaki na vumbi la manjano, na siku moja nikamwona babu akikoroga rangi ya chakula ya unga. Aliandika aya zilezile kwa mkono uleule, lakini alipomaliza hakusema neno. Siku hizi waandishi wengi wa kombe hutumia rangi hiyo. Wapo pia wanaolipinga kombe lenyewe kwa hoja za dini. Mjadala huo nawaachia wenye elimu yake. Kinachonisikitisha mimi ni kuona dawa ikitoka ndani ya sahani na kubaki rangi peke yake.

Dawa imo kweli. Mwaka 2004 watafiti wa Tehran walichapisha matokeo ya wagonjwa 30 wenye sonona isiyo kali. Baadhi walipewa miligramu 30 za zafarani kila siku kwa wiki 6, wengine dawa ya hospitali iitwayo imipramini, na nafuu zao zikakaribiana. Watu 30 ni wachache, na zafarani isimfanye mtu aache dawa alizoandikiwa. Lakini nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule kijana asiyepata usingizi.

Mwaka jana nilinunua zafarani sokoni kwa ajili ya dada yangu mgonjwa. Nilipoitia majini, maji yakawa mekundu mara moja na nyuzi zikabaki nyeupe. Nilikuwa nimeuziwa kitu kilichotiwa rangi.

Basi ndugu msomaji, ukitaka kuandika kombe au kumchemshia mzee wako maziwa ya zafarani, nunua kidogo ila ya kweli, na uijaribu kwanza kwenye maji baridi: rangi itoke manjano, itoke polepole, na uzi ubaki mwekundu. Nyuzi tatu zinatosha. Mjamzito aulize kwanza kliniki. Na mtoto mwenye homa apelekwe hospitali akapimwe malaria. Babu mwenyewe aliwaambia hivyo akina mama. Kombe atalinywa akirudi.