Fedha za Umma na Saruji ya Mgongo

Serikali inapoombwa kugharamia tiba mpya, ushahidi unaotangulizwa aghalabu ni mgonjwa aliyeinuka kitandani na kutembea. Historia ya tiba moja ya mgongo huko Australia yaonyesha kwamba ushahidi wa namna hiyo, hata ukiwa wa kweli, hautoshi.

Tiba yenyewe ilianzia Ufaransa mwaka 1984, kwa mgonjwa mwenye uvimbe katika pingili ya shingo. Daktari hupenyeza sindano nene hadi ndani ya pingili, akatia saruji ya kitabibu, ambayo huganda upesi. Baadaye ikatumiwa kwa wazee, hasa akina mama, ambao mifupa yao imedhoofika hata pingili hubonyea kwa kuinama tu. Maumivu yake si haba.

Mwaka 2005 Australia ilikubali kuilipia kwa muda kupitia Medicare, bima ya afya ya umma, huku ushahidi zaidi ukingojewa. Nia ilikuwa njema. Lakini tiba ikishalipiwa na Serikali, ni nani atakayekubali bahati nasibu imwamulie kama ataipata au ataikosa? Rachelle Buchbinder na wenzake wa Melbourne walitumia zaidi ya miaka minne kupata wagonjwa 78 tu. Baadhi walitiwa saruji, wengine walichomwa sindano tupu. Hata hivyo saruji ilikorogwa ili harufu yake ienee chumbani, mgonjwa asitambue yuko kundi gani. Matokeo yalitangazwa Agosti 2009: makundi yote mawili yalipata nafuu iliyolingana. Jaribio jingine la wagonjwa 131, lililotangazwa wakati huo huo, lilikubaliana nalo. Kumbe maumivu haya kwa kawaida hupungua kadiri mfupa unavyounga, na sifa ilikuwa ikipewa saruji.

Mwaka 2011 malipo yakakomeshwa. Madaktari waliopinga hawakukosa hoja: majaribio yale yalikuwa yamechanganya mivunjiko ya miezi mingi na mivunjiko mipya. Mwaka 2016 likatangazwa jaribio la Sydney, la wagonjwa 120 wenye maumivu makali na mivunjiko isiyozidi wiki sita. Baada ya siku 14, waliopata nafuu kubwa walikuwa 44 katika kila 100 waliotiwa saruji, na 21 katika kila 100 wa kundi la pili. Lakini mwaka 2018 Waholanzi, waliochunguza wagonjwa 180, hawakuiona tofauti hiyo.

Novemba 2020 Australia ilirejesha malipo, safari hii kwa wenye maumivu makali ya mvunjiko usiozidi wiki tatu. Kuweka mpaka huo ni busara kuliko kuilipia tiba kwa kila mgongo unaouma. Hata hivyo nguzo kubwa ya uamuzi huo ni jaribio moja tu, lile la Sydney, na swali lililoletwa na Waholanzi bado linangoja jibu.