Upele wa Pinki: Kesi Iliyochukua Miaka 31

Chukua mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Anacheka, anatembea, anakula vizuri. Halafu kwa wiki chache tu viganja na nyayo zinafura, zinakuwa pinki kama nyama mbichi, na ngozi inaanza kubambuka. Anajikuna mpaka damu. Anatoka jasho hata kukiwa baridi. Mwanga unamuumiza, kwa hivyo anaficha uso kwa mto mchana kutwa. Anang'oa nywele zake mwenyewe. Meno yenye yametoka juzi yanalegea na kuanguka. Usiku halali, analia tu.

Mwaka wa 1914 daktari mmoja wa Adelaide, Australia, anaitwa Harry Swift, alisimama mbele ya madaktari wenzake akaeleza kuhusu watoto wa aina hii. Baadaye ikajulikana wako pia Uingereza, Marekani na Uswisi. Ugonjwa ukapewa majina kibao, lakini lile lililoshika kwa watu wa kawaida ni ugonjwa wa pinki. Majina yalikuwa mengi. Jibu hakukuwa.

Na wasee, usidhani hao madaktari walikuwa wamelala. Walifikiria viini, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa enzi ya kusaka viini. Walifikiria chakula, na hapo pia walikuwa na sababu nzuri. Kulikuwa na ugonjwa unaitwa pelagra, wenye unaharibu ngozi ya mikono na kuvuruga akili, na ukaja kujulikana kuwa unatokana na chakula duni. Sasa ukiona mtoto ameharibika ngozi na hana raha, utaacha kufikiria vitamini? Hata mimi ningeenda huko. Watoto wakapewa maini, maziwa, matunda. Wengine walipona polepole bila mtu kujua kwa nini. Mamia wakafa.

Jambo moja lilikuwa wazi kwa kila mtu: wagonjwa karibu wote walikuwa wadogo, wa miezi kadhaa hadi miaka michache. Umri wa kuota meno.

Hapo ndipo stori inaanza kuuma. Siku hizo kwa kemisti kulikuwa na poda za kumtuliza mtoto anayeota meno. Hukuhitaji karatasi ya daktari, unanunua tu kama vile leo unanunua dawa ya kichwa kwa duka. Uingereza moja maarufu ilikuwa Steedman's, iliyokuwepo tangu karne ya 19. Ndani ya poda nyingi za aina hiyo kulikuwa na kitu kinaitwa calomel, ambayo ni zebaki iliyoungana na klorini. Zebaki, ile ya ndani ya kipimajoto. Ilitumiwa sana kama dawa ya kuharisha, na watu waliamini tumbo la mtoto likifunguliwa, homa na usumbufu wa meno vitapungua.

Sasa angalia hiyo mtego. Mtoto anasumbuka, mama anampa poda. Zebaki inaingia mwilini, mtoto anasumbuka zaidi, anatoa mate, fizi zinavimba, halali. Mama anaona ni meno yamezidi. Anampa ingine. Hakuna mtu hapo ni mbaya. Ni mama anafanya kile mamake alifanya, na kile kilichoandikwa kwa pakiti.

Mtu aliyefungua hii kesi alikuwa Josef Warkany. Alizaliwa Vienna mwaka wa 1902, akahamia Cincinnati, Marekani, mwaka wa 1932, akawa daktari wa watoto huko. Warkany aliangalia dalili akaona zinafanana na za mtu aliyekula sumu ya madini, kwa mfano aseniki. Mwaka wa 1945 akachukua mkojo wa mtoto mmoja mgonjwa akaupeleka kwa mkemia, Donald Hubbard, aliyekuwa kwa maabara yenye uwezo wa kupima madini kadhaa. Zebaki ikapatikana, na nyingi.

Mimi hapa ndipo napenda zaidi, kwa sababu kipimo peke yake hakikumaliza kazi. Ilibidi mtu arudi kwa wazazi na kuuliza swali la kawaida kabisa: umempa mtoto nini, na umempaka nini? Majibu yakaanza kuja. Poda ya meno. Dawa ya minyoo yenye calomel. Maji yenye dawa ya zebaki ya kusuuza nepi ili zisiwe na viini. Na marhamu yenye zebaki ya kupaka vipele. Soma hiyo ya mwisho tena. Mtoto mwenye vipele anapakwa dawa ya vipele, na dawa yenyewe ni kati ya vitu vinavyoweza kumletea upele mbaya zaidi. Kule Zürich, daktari Guido Fanconi naye alikuwa anafuata njia hiyo hiyo ya calomel.

Warkany na Hubbard walichapisha matokeo yao mwaka wa 1948. Ungefikiria dunia ingesimama. Wapi! Wengi walikataa, na hoja yao ilikuwa ile unaiona kila siku kwa maoni chini ya video: mbona mimi nilipewa na niko sawa? Na ukweli, hesabu ilikuwa upande wao kidogo. Watoto wengi sana walikula hizo poda, na inakadiriwa mmoja kati ya 500 hivi ndiye aliyepata ugonjwa. Wale 499 walikuwa ushahidi unaotembea kwamba poda haina shida. Mtaa mzima unaweza kuapa dawa ni safi, na mtoto wa nyumba moja anazikwa.

Kilichomaliza ubishi ni kitu rahisi. Mwaka wa 1954 watengenezaji wakubwa Uingereza waliondoa zebaki kwa poda zao, na kwa miaka michache wagonjwa wakapungua hadi karibu kuisha. Mwaka wa 1966 Warkany akaandika makala kuhusu ugonjwa huo, na kichwa chake kinauzungumzia kama maiti inayofanyiwa uchunguzi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na sikuwa nasomea udaktari, kwa hivyo hii si ushauri wa hospitali. Nilianza kusoma hizi vitu juu ya mtoto wa dadangu. Miezi mitano mwili ulikuwa vipele, shingoni na kwa mikunjo ya mikono. Kliniki ya kwanza ikasema ni ukungu wa ngozi, ya pili ikasema ni upele wa kuambukizana, nyumba nzima ikapakwa dawa. Majirani nao: badilisha maziwa, badilisha maji, ombea. Halafu nesi mmoja, mama wa makamo, akamwambia dadangu, "Kesho usilete mtoto peke yake. Leta kila kitu kinamgusa." Dadangu akaenda na mfuko wa Uhuru umejaa: sabuni, mafuta, wipes, blanketi, na kikopo kisicho na jina cha krimu ya kupimiwa sokoni, yenye kila mtu kwa ploti alisema inaponyesha kwa siku mbili. Iliponyesha kweli, halafu vipele vikarudi vikali zaidi kila ikiachwa. Nesi alikiweka hicho kikopo kando kabla hata ya kuuliza kingine, akampeleka kwa daktari wa ngozi. Ilichukua wiki nyingi, lakini ngozi ilitulia.

Nikajiuliza kama ule ugonjwa wa pinki ulikufa kweli. Haukufa. Mwaka wa 1980 huko Buenos Aires, nepi zilizofuliwa na kampuni ya udobi zilikuwa zimetiwa dawa ya ukungu yenye zebaki, na maelfu ya watoto wakaguswa. Mwaka wa 1989 huko Michigan, kijana wa miaka minne alipata upele, jasho, miguu dhaifu na mikono inayobambuka. Chanzo kilikuwa rangi mpya ya ukuta, iliyowekwa zebaki ili isiote ukungu. Mwaka uliofuata zebaki ikaondolewa kwa rangi za ndani ya nyumba Marekani.

Na kwetu? Mwaka wa 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 60 wa figo. Zaidi ya nusu walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Walikuwa watu wazima, sawa. Lakini mwaka wa 2010 huko California na Virginia, watafiti walipopima familia zenye mtu anatumia krimu za aina hiyo, walipata zebaki hata kwa watu wa nyumba wasiopaka, watoto wakiwemo. Inasafiri kwa mikono, kwa taulo, kwa shuka. Mtoto anabebwa na mkono umetoka kupaka.

Kuna mkataba wa dunia wa 2013, wa Minamata, unaopiga marufuku vipodozi vyenye zebaki. Krimu bado ziko sokoni, nyingi bila karatasi yoyote ya maelezo. Ikiwa yako iko nayo, igeuze usome maandishi madogo. Zebaki huandikwa kwa majina kadhaa, na moja kati ya hayo ni calomel.