Ukoo wa Mnyoo wa Kichocho

Uainishaji wa viumbe huhesabiwa na wengi kuwa kazi ya makumbusho, ya kubandika majina ya Kilatini kwenye chupa za spiriti, isiyomhusu mtu anayekojoa damu. Historia ya kichocho inaonyesha kinyume chake. Kati ya mwaka 1851, mnyoo wake alipoonekana mara ya kwanza, na mwaka 1915, njia yake ya kumwingia binadamu ilipothibitishwa nchini Misri, ilipita miaka 64. Ninashikilia kwamba sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo ilitokana na kupuuza swali ambalo uainishaji huuliza kila siku: kiumbe huyu ni wa ukoo gani, na ndugu zake wanaishi vipi?

Dalili zilikuwapo tangu mwanzo. Daktari kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz, alikuwa akipasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo alipowakuta minyoo ndani ya mshipa wa damu uendao kwenye ini. Walikuwa wa ajabu. Minyoo bapa walio wengi huwa na jinsia zote mbili katika mwili mmoja, lakini hawa walikuwa dume na jike, na dume amejikunja kuwa mfereji ambamo jike hulala. Hata hivyo Bilharz aliwaweka katika jenasi ya Distomum, pamoja na minyoo bapa wengine wenye vinyonyio, na ingawa mwaka 1858 walipewa jenasi yao wenyewe, Schistosoma, ukoo wao haukutiliwa shaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, Algernon Thomas huko Uingereza na Rudolf Leuckart huko Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba mnyoo wa ini la kondoo, ambaye ni wa ukoo huohuo, hawezi kukua bila kupitia kwa konokono wa majini. Kuanzia hapo, aliyejua nasaba ya mnyoo wa kichocho alikuwa na kila sababu ya kwenda kukagua konokono wa mifereji ya Misri.

Arthur Looss, mtaalamu mkubwa wa minyoo mjini Cairo, aliwatafuta kwa bidii na hakumpata aliyeambukizwa. Akahitimisha kwamba lava anayetoka kwenye yai humwingia mtu moja kwa moja kupitia ngozi. Hakuwa mzembe. Ni yeye aliyegundua kwamba lava wa safura hupenya ngozi, na ugunduzi huo ulikuwa wa kweli. Ila safura ni mnyoo wa mviringo, wa ukoo ulio mbali kabisa na minyoo bapa, na kuhamisha tabia za huyu kwenda kwa yule kulihitaji ushahidi ambao hakuwa nao. Hata mayai yalipobishaniwa aling'ang'ania mnyoo mmoja: yale yenye mwiba ubavuni, alisema, hutagwa na majike wasiopata dume. Patrick Manson alikuwa ameyaona mayai hayo katika kinyesi cha mgonjwa ambaye mkojo wake haukuwa na yai lolote, na mwaka 1907 Louis Sambon akatangaza spishi ya pili, Schistosoma mansoni. Ubishi ulikwisha mwaka 1915. Robert Leiper, akifanya kazi kwa ajili ya jeshi la Uingereza karibu na Cairo, alionyesha kwamba mnyoo wa kibofu hukulia katika konokono wa jenasi ya Bulinus, na yule wa utumbo katika konokono wa aina nyingine kabisa. Wajapani Miyairi na Suzuki walikuwa wamemtangulia mwaka 1913, kwa spishi ya kwao.

Atakayepinga atasema hayo yamepitwa na wakati, kwa kuwa prazikwanteli huua minyoo ya kibofu na ya utumbo bila kuuliza jina. Lakini dawa yenyewe inafuata ukoo. Inatibu kichocho na tegu pia, wote wakiwa minyoo bapa, na haifai kitu kwa safura wala kwa minyoo mingine ya mviringo. Ukweli ni kwamba mnyoo wa ini la kondoo huistahimili ingawa ni ndugu. Undugu huonyesha pa kuanzia kutafuta, na majaribio ndiyo huamua. Tena dawa haimkingi aliyepona asiambukizwe akirudi mtoni kesho yake.

Unguja inatoa ushahidi wa karibu. Kichocho cha huko ni cha kibofu, na anayekieneza ni Bulinus globosus. Kusini mwa kisiwa yupo Bulinus nasutus, anayefanana naye hata macho ya mtaalamu yakadanganyika, naye haenezi. Anayemwaga sumu ya konokono kwenye kila dimbwi bila kuwatofautisha anapoteza fedha na kuua viumbe bure. Wizara za afya zinaponunua vidonge, na zitenge pia mishahara ya wataalamu wa konokono na minyoo, watu wa kuingia mabwawani na kurudi maabara kutuambia aliyeokotwa ni yupi.