Wimbo wa bomu uliochezwa ufukweni

Majira ya joto ya mwaka 1983, Italia nzima ilicheza wimbo unaosimulia mlipuko wa bomu la nyuklia, na wengi waliokuwa wakiucheza hawakuwa na habari. "Vamos a la playa" ulipanda hadi namba moja nchini humo. Kibwagizo chake cha Kihispania kinawaita watu waende ufukweni, basi, na mtoto akikisikia mara moja tu anakishika. Mambo yenyewe yamo kwenye beti. Humo bomu limekwisha kulipuka, mionzi inababua ngozi na kuipaka rangi ya buluu, upepo wenye sumu unatimua nywele za watu. Bahari nayo hatimaye imekuwa safi: samaki wanaonuka wametoweka, yamebaki maji yanayong'aa.

Waliouimba ni vijana wawili wa Torino waliofahamiana shuleni, Stefano Righi na Stefano Rota. Jukwaani walijiita Johnson na Michael Righeira, kana kwamba wamezaliwa tumbo moja. Ndugu wa kweli walikuwa nyuma yao studioni: Carmelo na Michelangelo La Bionda, wazaliwa wa Sicilia, ambao mwaka 1978 walitamba na "One for You, One for Me" na kulijua disko nje ndani. Carmelo alishirikiana na Righi kuutunga wimbo huu. Sikiliza ulivyopangwa: ngoma ya mashine haitetereki, vinanda vya elektroniki vinachekacheka, na sauti za vijana wale zimenyooka, hazina huzuni wala hofu, utadhani wanatangaza hali ya hewa. Utulivu huo ndio unaonitisha zaidi kila ninapousikia.

Hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Desemba 1979 jumuiya ya NATO iliamua kuweka makombora mapya ya nyuklia Ulaya Magharibi kuikabili Urusi ya Kisovieti. Italia ilipangiwa makombora 112, na kambi yake ikajengwa Comiso, kusini mwa Sicilia, kisiwa kilekile walikozaliwa akina La Bionda. Wimbo ulipokuwa ukivuma, wapinga vita walikuwa wakiandamana nje ya kambi hiyo na kukabiliana na polisi.

Kihispania, naamini, kilikuwa chaguo la busara mno. Mwitaliano anakielewa kibwagizo bila mkalimani, lakini beti zinampita upesi, ngoma ikimvuta. Laiti zingeimbwa kwa Kiitaliano, sidhani kama baa za ufukweni zingeupiga usiku kucha.

Righeira walirudi kileleni mwaka 1985 kwa "L'estate sta finendo", wimbo wa kuaga majira ya joto uliowapa ushindi wa shindano la muziki la Festivalbar. Shabiki wa Liverpool anaijua melodia yake hata kama hajawahi kulisikia jina hilo: ndiyo iliyogeuzwa kuwa wimbo wa mashabiki, "Allez Allez Allez", uliotikisa uwanja wa Anfield mwaka 2018.

Jina "Vamos a la playa" nalo limerudi. Mwaka 2010 Loona, mwimbaji wa Uholanzi, alitoa wimbo mwingine wenye jina hilohilo, wa starehe na kucheza usiku. Bomu halimo, na klabu ziliupokea wimbo huo kwa shangwe ileile ya 1983.