Tanga Lililolala Mlingotini: Nahau za Kiingereza kwenye Ufuko wa Mwanza

Nilipokuwa kidato cha tatu Mwanza, mwaka 1995, mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na kitabu kimoja cha nahau ambacho jalada lake lilishang'oka zamani. Sisi wanafunzi hatukuwa nacho. Yeye aliandika ubaoni, nahau kushoto, maana kulia, nasi tukanakili. "Taken aback": kushangazwa ghafla. "By and large": kwa jumla. "Miss the boat": kukosa nafasi. Ijumaa ni jaribio, nahau ishirini, na kila uliyokosa fimbo moja. Silalamiki. Shule nyingi za wakati ule zilikuwa hivyo hivyo, na mwalimu mwenyewe bila shaka ndivyo alivyofundishwa. Nayasema haya kwa sababu ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza darasani: maneno haya yalitoka wapi?

Hata mimi sikuuliza. Na kosa langu ni kubwa kuliko la wenzangu, maana jibu nilikuwa nimeshaliona kwa macho yangu.

Likizo zangu nilizimalizia Igombe kwa mjomba, mvuvi wa nyavu aliyekuwa na mtumbwi wa tanga. Tanga lenyewe viraka vitupu, magunia ya nailoni yaliyoshonwa kwa uzi wa nyavu. Usiku mmoja tulikuwa tunarudi, upepo uko nyuma yetu, safi kabisa, mara ukageuka. Haukupungua, uligeuka. Tanga likagonga mlingoti likang'ang'ania pale pale. Mtumbwi ukasimama kama uliokanyaga kitu, kisha ukaanza kurudi kinyumenyume. Mimi nikapiga kelele. Mjomba wala hakupandisha sauti: "Tulia, mjomba. Tanga limelala. Shusha." Tukashusha, tukashika makasia.

Basi hiyo ndiyo "taken aback". Sikujua mpaka miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa napekua kitabu cha mabaharia katika maktaba ya chuo, tena nikitafuta jambo lingine kabisa. Merikebu ya matanga ya Kiingereza ilipopigwa na upepo wa mbele bila kutazamia, matanga yalirudishwa nyuma yakabanwa kwenye milingoti, chombo kikasimama, na upepo ukiwa mkali milingoti iliweza kuvunjika. Neno lilikuwa la chombo kabla ya kuwa la mtu. "By and large" nayo ni ya huko huko: neno la kwanza ni kwenda karibu na upepo, la pili ni kwenda upepo ukiwa unasukuma kutoka nyuma. Chombo kizuri ni kile kiendacho vyema kwa hali zote mbili, na ndiyo maana leo tunaambiwa "kwa jumla". Wanasema pia kumwondolea mtu upepo kwenye matanga yake. Nahodha akipitisha chombo chake upande unakotoka upepo, wa pili ananyimwa pumzi, tanga linanywea, na anabaki anatazama mwenzake akienda. Mjomba alifanyiwa hivyo mara nyingi na vijana wa mwalo wa jirani. Matusi aliyoyatoa siyaandiki hapa.

Niseme wazi ninachodai. Nahau ni kazi ya watu iliyosahauliwa, likabaki neno. Anayekupa maana yake bila kukupa ile kazi amekupa mapanki. Minofu imeshakwenda Ulaya. Sisi wa Mwanza tulikuwa na haki ya kuzielewa nahau hizi kuliko mtoto wa London apandaye treni, kwa sababu matanga, kamba na upepo wa kigeugeu vilikuwa dakika chache tu kutoka darasani. Tulipigwa fimbo kwa kusahau maneno ambayo baba zetu walikuwa wanayaishi pale Kirumba Mwaloni.

Kihistoria, Kiingereza kilifika kwenye ufuko huu kwa mzunguko wa ajabu. John Hanning Speke alipoliona ziwa kutoka upande wa Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, na wawili hao walielewana kwa Kihindustani, siyo Kiingereza. Kihindustani kikageuzwa Kiswahili, na kutoka hapo kikafuata njia yake mpaka kwa wenyeji. Lakini tukio linalonigusa zaidi ni la mwaka 1875. Henry Stanley alifika Kageye, ambako leo ni wilaya ya Magu, mwezi Februari, na wapagazi wake walikuwa wamebeba vipande vya mashua iliyoundwa Uingereza, Lady Alice. Vikaunganishwa ufukoni, na mwezi Machi ikatiwa majini kulizunguka ziwa. Serahangi wake alikuwa Wadi Safeni, aliyetoka naye Unguja. Kambini aliachwa Frank Pocock, kijana wa Kent aliyetoka katika ukoo wa watu wa mashua. Kwa hiyo mahali pamoja palikuwa na msamiati wa matanga wa Kiingereza, wa Kiswahili cha pwani na wa wavuvi wa ziwa. Walioshika kamba zile walifundishana kwa mikono. Kamba ikikuteleza hakuna muda wa tafsiri. Miaka 120 baadaye msamiati ule ule tunaletewa ubaoni kwa chaki, mkavu.

Hapa mhakiki mwenzangu atanikatiza: basi tuachane na nahau za Wazungu, tunazo zetu. Ndiyo, tunazo, na nyingine ni ndugu kabisa. Jambo likiharibika twasema limekwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo. Anayepinga hoja anabisha, na mabaharia wa pwani husema chombo kinabisha kinapokwenda kwa kupingana na upepo. Ni nahau nzuri kuliko nyingi za Kiingereza. Lakini "zetu" ya nani? Katika karatasi ya Kiswahili tulikariri kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nilimuuliza mjomba. Kuendesha chombo alijua, lakini tezi, omo na ngama hakuwahi kuvisikia; alikuwa na maneno yake ya Kisukuma na Kikerewe. Nikamuuliza juu ya maji kupwa na kujaa. "Yanakupwa? Yanakwenda wapi?" Ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Yeye alijua maji yaliyopanda zaidi ya mita mbili kuanzia 1961 hadi 1964 yakameza mashamba ya kando. Hayo hayakungoja mwezi mwandamo, wala hayakurudi jioni. Kumbe kwa mtoto wa Igombe hata nahau ya Kiswahili sanifu ilikuwa imesafiri mbali, na nayo aliipata ubaoni.

Ndiyo maana sijaacha kumstaajabia Mwalimu Nyerere kama mfasiri. Mzaliwa huyu wa Butiama, si mbali na ziwa hili lisilopwa, alitoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mle ndani kuna Bruto anayemwambia Kasio kwamba mambo ya wanadamu yana saa yake ya maji kujaa, na asiyeondoka saa hiyo atakwama. Lugha aliyofasiria ilikuwa na msamiati huo tayari, kwa hisani ya mabaharia wa Lamu, Tanga na Kilwa. Kizanaki, lugha ya mama yake, kingemtaka afanye kazi zaidi. Wahakiki wetu hupenda kupima tafsiri hii kwa arudhi. Mimi ningependa mtu aipime kwa maji.

Nahau iliyobaki katika orodha yangu ni "miss the boat".

Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo kuchukua abiria, na asubuhi ya tarehe 21, ikiwa inakaribia Mwanza, ikapinduka. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Mtaani kwetu kulikuwa na matanga kila upande. Ndiyo, matanga, Kiswahili kina neno hilo hilo kwa msiba, na wiki zile hakuna aliyelisikia kwa maana ya chombo. Na kulikuwa na mama mmoja aliyechelewa Kemondo kwa sababu ya mtoto kuharisha. Watu walikuwa wanakwenda nyumbani kwake kumwangalia tu.

Shule ilipotulia, jaribio la Ijumaa likarudi. Nahau ya saba ilikuwa hiyo. Mwenzangu wa dawati moja, aliyekuwa amempoteza kaka, aliandika upande wa kulia: kunusurika. Mwalimu alipita na kalamu nyekundu, akafika pale, akasimama muda. Hakuweka vema wala mkasi. Akaenda ya nane.