Bibi wa Matombo na Mchora Vibonzo

Juma hili mazungumzo yetu yanapanda mlima. Nilikwenda Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kumfuata binti mmoja anayesomea uchoraji katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Jina lake nalihifadhi, maana bado ana mitihani. Chuo kimemtaka afanye utafiti na papo hapo achore, naye akachagua vibonzo vya siasa. Wenzake wakaingia maktaba. Yeye akapanda gari kwenda kumhoji bibi yake mzaa mama.

Nilipofika, bibi aliniuliza kabila langu. Nikamjibu kuwa mimi Mnyamwezi wa Tabora. Basi! "Kumbe ni mpagazi wangu," akasema mbele ya watu, "mzigo umeutua wapi?" Akaamuru ninyimwe kiti. Nami nikamwambia nimekuja kumchukua nikamwoe, kwani mahari babu zake walishaila kwa chumvi. Uwanja mzima ukacheka. Kiti kikaletwa, na ndizi mbivu juu yake.

Utani huo una umri mkubwa. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi ilipita chini ya milima hii ikishuka pwani na pembe za ndovu, na kituo chake kimoja kilikuwa Simbamwene, mji wa Kisabengo, ndiyo Morogoro ya leo. Stanley alipita hapo mwaka 1871. Mwaka 1963 Mmarekani James Christensen alichapisha makala nzima juu ya utani wa Waluguru, na katika miaka ya 1970 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya habari za utani wa makabila mbalimbali. Kwa hiyo binti yetu si wa kwanza kuufuata mzaha na daftari mkononi. Tofauti yake ni kwamba mkono wa pili umeshika penseli.

Alinionyesha ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Ameandika kwamba mtani huanza kwa kazi. Msibani mtani ndiye achimbaye kaburi, na ndiye ashughulikiaye yale ambayo wafiwa hawana nguvu nayo. Akishajifuta udongo ndipo huvaa kofia ya marehemu, akaiga mwendo wake, ukali wake na madeni aliyokufa nayo. Watu hucheka machozi hayajakauka, na hakuna wa kukasirika. Nikamuuliza bibi: je, na marehemu akiwa mkubwa? Akanijibu, "Mwanangu, mkubwa ndiye mtamu."

Ukurasa wa pili una mstari mmoja tu: utani ni wa pande mbili. Anayecheka leo, kesho atachekwa, na wote wawili wanalijua hilo.

Naomba nikiri kuwa mstari huo ulinisumbua njia nzima ya kurudi Morogoro mjini. Nilianza kuvipima vibonzo vyetu kwa kipimo hicho.

Marehemu baba yangu alikuwa na magazeti ya Uhuru aliyoyafunga kwa kamba chini ya kitanda, na humo ndimo nilimokutana na Chakubanga wa Christian Gregory, ingawa mimi nilizaliwa baada ya enzi zake kupamba moto. Chakubanga ni mtoto wa miaka ya Azimio la Arusha la 1967. Alichekesha kweli kweli. Lakini Uhuru lilikuwa gazeti la chama, na ukitazama vizuri utaona anayechekwa mara nyingi ni mtu wa mjini, mpenda starehe, au karani mzembe. Kicheko kilishuka chini. Huyo wa chini angemcheka nani, na katika gazeti lipi?

Kisha mwaka 1992 sheria ikaruhusu vyama vingi, na magazeti ya watu binafsi yakaota kama uyoga. Mwaka huo huo kijana wa Dar es Salaam aliyezaliwa 1969, Godfrey Mwampembwa, aliacha masomo ya usanifu majengo pale Ardhi, akavuka mpaka kwenda Nairobi kuchorea gazeti la Nation. Huyo ndiye Gado. Naye alikuwa mwanafunzi aliyeshika penseli! Yeye alikipandisha kicheko juu, hadi kwa marais. Sisi wa hapa tulimsoma kutoka ng'ambo ya Namanga, tukacheka kwa raha ya mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Siku moja ugomvi ukafika kwetu. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican, lililokuwa likiuzwa hapa tangu miaka ya 1990, lilizuiwa. Serikali ilisema halikuwa na usajili. Wengi walitaja kibonzo cha Gado juu ya Rais Kikwete.

Sheria ya Magazeti ya 1976 ilikuwa bado hai wakati huo, ikimpa waziri uwezo wa kufungia gazeti. Ilikuja kubadilishwa na sheria nyingine mwaka 2016. Sasa nambie, ndugu msikilizaji, huo ni utani gani, ambamo mmoja ana kalamu na mwenzake ana kufuli?

Turudi Matombo. Katika miaka ya 1950 wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Udongo wa juu ulizikwa, usio na rutuba ukatokeza, na kazi ilikuwa ya lazima. Julai 1955 watu walichoka, hapa hapa Matombo pakawa na ghasia, polisi wakaja, na mpango ukafa. Bibi alikuwa msichana mdogo. Anakumbuka mama yake alivyorudi mgongo ukimuuma, na bwana shamba alivyosimama kivulini na kamba ya kupimia.

Binti amemchora bwana shamba huyo, kisha kamleta katika siku zetu. Mto Ruvu unatoka milima hii, na Dar es Salaam inakunywa maji yake. Katika kibonzo, mheshimiwa mwenye kitambi yuko bafuni mjini, povu kichwani, simu sikioni, anamwambia bibi kizee aliye mteremkoni: "Usilime hapo, unanikaushia bafu!"

Bibi alikitazama kwa muda mrefu, akacheka hadi akashika ubavu. Kisha akauliza, "Na wewe? Huko chuoni unaoga maji ya wapi?" Binti akanyamaza. Akachukua penseli, akajichora pembeni, taulo begani, yuko kwenye foleni ya bafu lile lile. "Haya, sasa kapeleke," bibi akasema.

Tatizo ni pa kupeleka. Mhariri mmoja alikipenda, ila alimtaka akifute kitambi, kwani kinafanana na cha mtu anayemjua. Binti aliniuliza, "Kaka, wewe wa redio unasemaje?" Nikamwambia sisi wa redio tuna bahati, vitambi vyetu havionekani. Hakucheka.

Nilipoondoka kitambi kilikuwa bado kipo, naye alikuwa anakiongezea kivuli.